Umbali Mmoja, Muda Tofauti: Safari ya Anga kati ya Nairobi na New York

Nimeambiwa kwamba miongoni mwetu hapa Mombasa wamo mawakala wa tiketi, mabaharia wastaafu, vijana wanaosomea urubani na ufundi wa ndege, na wazazi wenye watoto waliohamia Marekani. Kwa hivyo nitasema kwa lugha ya sote, na hesabu nitakazozitaja ni zile ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba umbali kati ya miji miwili haubadiliki, ilhali muda wa safari hubadilika kila uchao, na kwamba karibu kila kinachoubadilisha muda huo tunaweza kukijua, kukipima, na mara nyingine kukirekebisha. Mfano wangu ni safari ya Nairobi na New York. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, shirika la Kenya Airways lilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Kabla ya hapo, msafiri wa Kenya alifika Marekani kwa kubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au kwingineko. Muda uliotangazwa ulikuwa saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi.

Naomba tulishike hilo. Ndege ni ile ile, na viwanja ni vile vile. Mbona kurudi kukawa kufupi kwa saa nzima? Tukilijibu swali hili sawasawa, tutakuwa tumejifunza sehemu kubwa ya jiografia ya dunia.

Hoja ya kwanza: umbali hupimwa kwenye tufe.

Mezani hapa nina tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, la kawaida kabisa, pamoja na uzi wa kushonea. Mzingo wa tufe hili ni kama sentimita 94, na mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Kwa hiyo sentimita moja ya uzi wangu ni kama kilomita 425. Kwa bahati njema, huo ndio umbali wa anga kutoka Mombasa hadi Nairobi. Sasa naushika uzi Nairobi kwa kidole kimoja, nauvuta hadi New York, nauacha ukazwe wenyewe mpaka usiwe na pa kulegea. Unasoma karibu sentimita 28. Ukizidisha unapata kilomita 11,900 hivi, na hesabu kamili kwa longitudo na latitudo inatoa takribani kilomita 11,840. Uzi wa kushonea umekosea kwa chini ya asilimia moja.

Tazameni uzi unakopita. Kutoka Nairobi unaelekea kaskazini-magharibi, unakata kaskazini ya Uganda, unaingia Sudan Kusini, unagusa Darfur, unavuka Chad, pembe ya Niger, Sahara ya Algeria, na unatoka Afrika nchini Morocco, kaskazini kidogo ya Marrakech. Baharini unapita kwenye visiwa vya Azores, kisha unapanda kufikia latitudo ya nyuzi 42 kaskazini, ukiwa juu kuliko New York yenyewe, ndipo unashuka kuufikia mji. Mara nyingi nimewaomba wanafunzi wachore njia hii kwenye ramani ya ukutani kwa rula. Rula huwapeleka kaskazini ya Kongo, Nigeria, Burkina Faso, Mali na Mauritania. Mstari ule wa rula, kwenye ramani zetu nyingi za darasani, ni kama kilomita 350 zaidi ya njia ya uzi. Kwa mwendo wa ndege hizo ni dakika 23 za mafuta yanayochomwa bure.

Uzi hufuata kile wanahesabu wanachokiita duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Hakuna njia fupi zaidi juu ya uso wa dunia. Ramani bapa haiwezi kulionyesha hilo, kwa sababu hakuna anayeweza kuukunjua uso wa tufe bila kuuvuta mahali fulani, na ramani nyingi zimevutwa zaidi kadiri unavyozikaribia ncha za dunia. Mtoto aliyejifunza dunia kwa ramani ya ukutani peke yake amefundishwa njia ambayo hakuna rubani atakayeifuata.

Nawapa watu wa Mombasa zawadi ndogo kabla sijaendelea. Mkiunyoosha uzi kutoka hapa Mombasa hadi New York, unapita karibu sana na Nairobi, kilomita chache tu pembeni. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 12,260. Ukipitia Nairobi, jumla ni ile ile, labda tofauti ya kilomita moja au mbili. Wengi hulalamika kwamba kwenda kupandia ndege Nairobi ni kuzunguka. Kwa safari ya New York, Nairobi iko njiani hasa.

Hoja ya pili: upepo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye jibu la swali letu, na kwa kuwa jibu lenyewe wazee wa mwambao walilijua zamani.

Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Alifika pwani ya India karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Zaidi ya kilomita 4,000 za bahari kwa siku 26, kwa sababu rubani yule alijua kwamba kusi inaanza kuvuma. Wakati wa kurudi, Wareno hawakungoja ushauri wa mtu. Waling'oa nanga katika pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijakomaa, wakakutana na shwari na pepo za mbisho. Hawakuiona Malindi hadi tarehe 7 Januari 1499. Miezi mitatu kwa bahari ile ile! Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye njiani. Nahodha wa jahazi wa Lamu au Sur angewaambia wangoje wiki chache zaidi.

Mwambao huu wote uliishi kwa elimu hiyo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi ikayarudisha, na mfanyabiashara aliyeuliza safari itachukua siku ngapi alijibiwa kwanza kwa swali: unaondoka mwezi gani?

Sasa tupande kilomita 10 hadi 12 juu ya vichwa vyetu. Huko nako kuna pepo zenye desturi yake. Hewa ya nchi za joto na hewa ya ncha ya dunia hutofautiana sana kwa joto, na dunia nayo inazunguka. Mambo mawili hayo kwa pamoja huzaa mito ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Ooishi, alizipima pepo hizo miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini ulimwengu mzima utayasoma, na ulimwengu haukuyasoma. Marubani wa Marekani walizigundua upya walipokuwa wakiruka juu ya Japani mwaka 1944, ndege zao zikisukumwa mpaka shabaha zikawapita.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini pepo hizi hupata nguvu wakati wa baridi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ikiwa inaelekea Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6. Abiria hawakuhisi kasi yoyote ya ajabu. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikienda, na ndege imo ndani yake.

Turudi kwenye saa yetu moja. Chukueni mwendo wa ndege kuwa kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Tuseme kwa wastani wa njia nzima, kwenda New York ndege inakabiliwa na upepo wa kilomita 34 kwa saa, na kurudi inasukumwa na upepo uo huo. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unakuwa 866, na kilomita 11,840 zinahitaji saa 13 na dakika 40. Kurudi, mwendo unakuwa 934, na safari ni saa 12 na dakika 40. Hiyo ndiyo saa yetu. Upepo wa wastani wa kilomita 34 tu, ambao mvuvi wa Shimoni angeuona ni upepo wa kawaida wa kusi, ndio unaotofautisha saa 15 na saa 14. Wastani ni mdogo kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hii iko nchi za joto, ambako pepo za juu ni hafifu. Nguvu za kweli ndege hukutana nazo juu ya Sahara wakati wa baridi na juu ya Atlantiki.

Naona kijana pale nyuma ameinua mkono, na nafikiri najua atakachouliza, kwa sababu huulizwa kila mahali: je, si dunia inayozunguka kuelekea mashariki ndiyo inayochelewesha ndege? Hapana, na ni muhimu tuelewe kwa nini. Pale Nairobi, karibu kabisa na Ikweta, ardhi inazunguka kwa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, karibu maradufu ya mwendo wa ndege. Kama ndege ingeachwa nyuma na mzunguko huo, hakuna ndege ya abiria ambayo ingeweza kufika mashariki. Lakini hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege inazunguka pamoja na hewa. Ukitembea ndani ya behewa la treni kutoka Miritini kwenda Nairobi, hatua zako za kwenda mbele na za kurudi nyuma ni sawa, treni iende kasi namna gani. Mzunguko wa dunia unaingia kwa mlango mwingine: unaipinda hewa ya juu na kuilazimisha ivume kuelekea mashariki. Ni upepo unaotuchelewesha.

Bado kuna saa moja na dakika ishirini hivi, kila upande, ambayo upepo haukuieleza. Imekwenda kwenye kuzunguka uwanjani kabla ya kuruka, kupanda polepole ndege ikiwa nzito, kukwepa mawingu ya mvua na anga zilizofungwa, na kupanga foleni ya kutua New York. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na huisha inaposimama kwenye maegesho mengine. Magurudumu yanapogusa ardhi, saa hiyo bado inakwenda.

Hoja ya tatu: mashine, na ardhi inakotokea.

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Msafiri alipanda ndege, treni na ndege nyingine, akalala njiani usiku baada ya usiku. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwa Nairobi, Dodoma na Mbeya, kwa sababu ndege za wakati ule hazingeweza kubeba mafuta ya kuruka hatua ndefu. Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, Comet ya shirika la BOAC, iliruka kutoka London hadi Johannesburg kwa chini ya saa 24, ikiteremka Entebbe njiani kunywa mafuta. Umbali kati ya London na Afrika Mashariki haukupungua hata hatua moja kati ya 1931 na 1952. Kilichopungua ni idadi ya mara ambazo mashine ililazimika kushuka.

Ndege ya leo ya Nairobi na New York hubeba takribani tani 85 za mafuta. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kama tani 228, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya uzito huo ni mafuta. Na hapa ndipo Nairobi inapotoza gharama yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hewa ya hapa pwani. Mbawa zinapata kiasi kidogo cha hewa cha kuegemea, injini zinapata hewa haba ya kuvuta, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na hata hivyo siku ya joto hesabu hubana: ama upunguze mizigo, ama upunguze abiria. Baridi ya usiku wa Nairobi huifanya hewa iwe nzito kidogo, na ndege ikafaidika. Mtakumbuka kwamba safari hii iliwekwa usiku. Kwa ndege nzito inayoondoka uwanda wa juu, giza na baridi ni rafiki.

Mafundi vijana mlio hapa mtaniuliza habari ya injini mbili tu juu ya bahari. Kuna sheria maalumu kuhusu umbali ambao ndege ya injini mbili inaweza kuwa kutoka uwanja ulio karibu, na njia hupangwa kwa kuzingatia viwanja vya akiba. Visiwa vya Azores, nilivyovitaja kwenye uzi, ni mojawapo ya akiba hizo. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu ya bomba lililovuja. Injini zote mbili zikazimika. Marubani waliielesha hewani kwa karibu dakika 19 mpaka Lajes, katika kisiwa cha Terceira, na watu wote zaidi ya 300 waliokuwamo wakanusurika. Anayepanga njia ya Atlantiki hupima pia umbali wa kukimbilia, pamoja na ule wa kwenda.

Hoja ya nne: anga ina wenyewe.

Uzi wetu ulipita juu ya Darfur na Niger bila kuomba ruhusa. Ndege haiwezi. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria. Agosti mwaka huo huo, watawala wapya wa Niger waliifunga anga ya nchi yao kwa wiki kadhaa, na ndege zilizozoea kukata Sahara zikazunguka. Libya nayo ilikuwa imekwepwa miaka mingi. Kila mkwepo huongeza kilomita, kila kilomita huongeza mafuta, na mafuta ya ziada yana uzito ambao nao unahitaji mafuta ya kuubeba.

Walioumia zaidi wako mbali na kwetu. Tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki na Tokyo imepanda kutoka saa zipatazo 9 na nusu hadi karibu 13, na ndege za Finnair zimelazimika kupita njia ya Ncha ya Kaskazini. Hakuna mlima uliohama, wala bahari iliyopanuka.

Hata safari yetu ya Nairobi haikungoja mashine peke yake. Ilibidi mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iithibitishe Kenya kuwa katika daraja la kwanza la usalama wa anga, jambo lililotimia Februari 2017, na ilibidi uwanja wa Nairobi upangwe upya ili abiria wanaofika wasichangamane na wanaoondoka. Kazi hiyo ya miaka ilifanywa na wakaguzi, wahandisi na makarani ambao hakuna anayewapigia makofi. Nawapongeza hapa hadharani.

Hoja ya tano: saa ya ukutani.

Ratiba ya mwanzo ilisema ndege inaondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25 asubuhi. Ukitoa kwa haraka unapata saa 7, na nimesikia watu wazima wakilisema hilo kwa furaha. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, na wakati wa joto, wakisogeza saa zao mbele, kwa saa 7. Saa 7 za ukutani jumlisha 8 za majira, unapata 15. Kanuni ni hiyo kwa safari yoyote: geuza nyakati zote mbili ziwe za mji mmoja kwanza, ndipo utoe.

Jambo moja katika safari hiyo linanishangaza kila ninapolifikiria. Mwezi Desemba, abiria aliyeliona jua likitua Nairobi mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, akaruka usiku huo, atafika New York kabla ya mapambazuko. Jua la New York huchomoza hapo saa moja na robo asubuhi, ambayo Nairobi ni saa tisa na robo alasiri. Amepita usiku wa karibu saa 21, kwa kuwa alikimbia upande uleule ambao usiku unakimbilia. Waislamu wenzangu mtaona mara moja swali la sala ya Alfajiri linavyojitokeza. Wanavyuoni wamelizungumzia, na hukumu yake nawaachia wao. Mwili nao una saa yake, nayo husogea polepole, yapata saa moja kwa siku, kwa hivyo mzee anayekwenda kuwatembelea wanawe asipangiwe sherehe siku anayofika.

Mawakala wa tiketi mnalijua lingine, na naomba mlisaidie kulieneza. Ndege inayoondoka Ijumaa saa 00:40 huwaponyoka watu kila mara. Msafiri husubiri Ijumaa ipite, hufika uwanjani Ijumaa usiku, na ndege iliondoka karibu saa 24 zilizopita. Wazee wetu wa pwani wasingepotea hapo. Kwao siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hesabu ya kale inakubaliana na tiketi kuliko hesabu ya vijana wetu. Mnapomkabidhi mtu tiketi, mwambieni kwa mdomo: uondoke nyumbani Alhamisi baada ya Isha.

Hoja ya sita ni fupi: mlango hadi mlango.

Anayesafiri kutoka Likoni kwenda Brooklyn hapimi kilomita 12,260. Anapima kivuko, barabara ya Miritini, treni ya saa tano au sita, kungojea uwanjani, foleni ya uhamiaji upande wa pili. Akibadilisha ndege Amsterdam, umbali wa anga kutoka Nairobi unakuwa kama kilomita 12,520, ongezeko lisilotisha. Akipitia Dubai unakuwa kama kilomita 14,560, yaani kilomita 2,700 zaidi, kwa sababu anaanza kwa kurudi mashariki. Wapo watakaochagua Dubai kwa bei, na wana haki. Ninachotaka ni wachague wakijua.

Mabibi na mabwana, miaka ijayo inaleta safari ndefu zaidi. Ndege za Singapore Airlines tayari zinaunganisha Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,300, kwa zaidi ya saa 18. Qantas ya Australia inajiandaa kuruka Sydney na London bila kutua, kilomita zipatazo 17,000, abiria wakikaa hewani karibu saa 20. Mashine zitafika. Mimi wasiwasi wangu uko karibu zaidi. Ndege ya New York inapita juu ya Chad, lakini mtu wa Mombasa anayetaka kwenda N'Djamena hana ndege ya moja kwa moja, na umbali wake ni robo tu ya ule. Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika, ili mashirika ya bara hili yaruke kati ya miji yetu bila kila nchi kujadiliana na nyingine upya. Kutekelezwa kwake kunasuasua. Wabunge na madiwani mlio hapa, ulizieni. Wafanyabiashara, pelekeni madai yenu kwa maandishi, mkitaja miji na idadi ya abiria. Safari ya saa nne inayochukua siku mbili ni hasara inayopimika.

Na walimu: naomba kila shule iliyowakilishwa hapa iwe na tufe moja kabla ya muhula ujao. Tumezungumza na Mwenyekiti wa mkutano huu, naye amekubali tukutane tena muhula huo ukiisha. Wanafunzi waje na vipimo vya uzi kutoka Mombasa hadi Muscat, Guangzhou, Toronto, Kinshasa na N'Djamena. Waandike nchi ambazo uzi unapita juu yake, wakisie muda wa kwenda na wa kurudi, kisha walinganishe na ratiba za mashirika. Palipo na tofauti ya zaidi ya saa mbili, watueleze imetoka wapi: upepo, mwinuko, anga iliyofungwa, au ndege isiyokuwapo. Tufe na uzi naviacha hapa mezani, na wanaotaka kuanza na Muscat jioni hii wajongee.